Stelingi Aliyenyamaza Mlangoni

Mwezi uliopita mjukuu wangu Tumaini alikuja na kompyuta yake ya kupakata, akanikalisha kwenye kiti kama mgonjwa, akasema, "Babu, nimekuletea zawadi. Ile picha ya kauboi uliyokuwa unaizungusha na gari la sinema, nimeipata nzima." Nilifurahi, siwezi kudanganya. Tukaanza kuangalia. Picha ilipokaribia mwisho, mwenzangu akaanza kuchezea simu. Nikamuuliza kulikoni.

"Babu, usikasirike," akasema. "Lakini huyu stelingi wenu ni gogo. Hasemi, hacheki, halii. Anasimama tu. Na mwisho nimeusoma, eti anashindwa. Stelingi gani anashindwa?"

Nilikasirika. Msichana msomi, anayelipiwa vifurushi na baba yake ili asome zaidi, anamwita mtu yule gogo! Nikazima kompyuta, au tuseme nilijaribu kuizima, maana sikuona pa kuzimia, ikabidi nifunge kifuniko. Baadaye nilipotulia nikatambua kwamba hasira nyingine ilikuwa yangu juu yangu mwenyewe. Mimi pia nilichukua miaka kumwona mtu yule, na nilikuwa nikisimama hatua mbili kutoka usoni kwake, na kipaza sauti mkononi. Kwa hiyo ninyi wajukuu mnaojua kila kitu, nipeni muda kidogo niwaeleze kazi yetu ilivyokuwa.

Zamani zile, miaka ya mwanzo ya uhuru na ya vijiji vya ujamaa, sinema ilikuja kwenu kwa gari. Landrova ya ofisi, jenereta nyuma, projekta ndani ya sanduku la mbao lililotandikwa godoro, pazia jeupe, spika mbili. Tulikuwa wawili, fundi mashine na mkalimani. Tulianza na picha ya kilimo bora au ya kuchimba choo, kisha tukaweka ya kauboi. Watu wa Kingerikiti, kule milimani Mbinga, walikuwa wavumilivu, walikaa na choo mpaka mwisho, lakini msijidanganye kwamba walitembea kutwa nzima kwa ajili ya choo.

Kauboi alisema Kiingereza, tena kwa puani. Mkalimani, yaani mimi, nilisimama kando ya pazia nikawaeleza watu kwa Kiswahili anachosema. Kila nilipofungua mdomo, fundi alipunguza sauti ya picha ili mimi nisikike. Na mimi nilifungua mdomo wakati wote.

Fundi mashine alikuwa Bwana Sefu, mtu wa Tanga, Mwislamu aliyepangiwa kazi kwenye wilaya ya mapadre, na aliyependwa na mapadre wote kwa sababu alijua kutengeneza redio zao. Yeye ndiye aliyenifundisha. Usishike balbu kwa vidole vitupu. Usihamishe projekta balbu ikiwa bado ya moto, itakatika. Jenereta iweke mbali, upande ambao upepo unatoka kwenu kwenda kwake, la sivyo watu watakula moshi. Lango la projekta, pale mkanda unapopita mbele ya taa, lifute kila mara, maana unywele mmoja ukinasa pale, kwenye pazia unakuwa nyoka, na nimeona watu wakikimbia. Na ukila usipa, wale dagaa wa ziwani, nawa kwa sabuni mara mbili kabla ya kugusa mkanda. Mimi ni mtoto wa Kihagara, pale ziwani, nimelelewa kwa usipa, na mafuta ya vidole vyangu yalikuwa ugomvi wetu wa kila siku.

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanyia nyumbani kwetu, mbele ya wajomba. Picha ile ilikuwa na mikanda mitatu. Bwana Sefu alikuwa na homa, mimi nikashika mashine na kipaza sauti pamoja, nikaweka mkanda wa tatu kabla ya wa pili. Adui mkubwa akauawa, watu wakashangilia. Kisha nikaweka wa pili, na adui yule yule akatokea, mzima wa afya, anakunywa kwenye baa. Mjomba wangu mmoja akapaza sauti, "Mkalimani! Huyu si amekufa?"

Mtu mwenye akili angesema, samahani wazee, nimekosea. Mimi nikasema, "Huyu ni pacha wake."

Mpaka leo kuna wazee kule wanaoijua picha ile kama picha ya mapacha. Bwana Sefu alipopona akasikia, hakucheka. "Umekosea mara mbili," akaniambia. "Kwanza kwa mkono, halafu kwa mdomo. La mkono nakusamehe." Akanipa agizo: kabla ya kutafsiri picha yoyote, niiangalie kwanza mchana ukutani, stoo, peke yangu, bila kusema neno. Nilimwitikia ndiyo, ndiyo. Sikufanya hata mara moja. Kwa nini nifanye? Nilikuwa maarufu. Watu walisema wazi kwamba hawaji kumwona kauboi, wanakuja kunisikia mimi. Na kijana akiambiwa hivyo na watu wazima, akili inamtoka.

Sasa hebu niseme picha yenyewe. Mtu mmoja ana nyumba ya mbao na shamba kwenye bonde. Mkewe anafariki, anamzika kilimani pale. Matajiri wanataka bonde lile wapitishe reli. Anapigana nao, anawashinda wenye bastola mmoja mmoja, lakini karatasi ya kumhamisha hawezi kuipiga risasi. Mwisho anahama. Kabla ya kupanda farasi anatoka mlangoni na kusimama pale. Ni muda mrefu, mrefu kweli, hakuna muziki, hakuna neno. Pale ndipo Tumaini aliposhika simu. Na pale ndipo mimi nilipokuwa nikitamba, maana niliona nafasi tupu, na nafasi tupu mimi niliijaza kama gunia. Kijiji kimoja nilimfanya anawaza atapata wapi mke mwingine. Kingine nikasema anajiuliza kama ameacha maharage jikoni. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtu anaaga kaburi la mkewe, mimi namwekea maharage!

Kisha ukafika wakati wa kuhamia vijijini. Afisa mmoja, jina lake nalimeza, aliniita ofisini Mbinga. Alikuwa mtu wa mkoa mwingine, mpole, mwenye suti safi ya kaunda. "Kijana, ile picha yako ina mtu anayehama," akasema. "Mfanye ahame kwa furaha. Aeleze faida za kijiji." Nikasema hakuna shida, mzee. Na kweli sikuona shida. Nilimwona mtu anayetambua kipaji changu.

Kijiji tulichopelekwa nakiacha bila jina, watoto wa wale watu bado wapo. Kilikuwa kijiji kwenye ramani tu. Uwanja ulikuwa umepimwa kuzunguka ghala la kahawa, watu wenyewe bado wanaishi ng'ambo ya bonde, kila mtu kwenye mteremko wake na ngoro zake. Kwa mtoto wa lami asiyejua ngoro: ni mashimo ya Wamatengo, yamepangwa mlimani kama sega la nyuki. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa miraba, wanawake huchimba katikati na kuyafunika kwa udongo, na mvua ikija maji yanakaa shimoni badala ya kukimbia na shamba. Lakini hayataki kuachwa. Ukiyaacha msimu mmoja, mlima unakudai.

Ng'ambo ile alikuwepo mjane, Bibi Anastasia. Mumewe alikuwa amezikwa kando ya nyumba, katikati ya mibuni waliyoipanda pamoja. Mteremko mzima ulimwangalia yeye. Akihama, wanahama. Akikaa, wanakaa. Afisa alishamwendea mara tatu, na mara tatu bibi alimpa kiti, akampa ndizi, akamwambia atafikiri. Kwa hiyo tulipofika na gari letu, mambo yote yalikuwa yanangoja kichwa cha mwanamke mmoja, na mimi nililijua hilo kabla sijashika kipaza sauti.

Ilikuwa masika. Ukungu na mvua, nje hapafai, tukaonyesha mchana ndani ya ghala. Tuliziba madirisha kwa magunia, watu wakakaa juu ya magunia ya kahawa. Bibi Anastasia alikaa mbele kabisa, mikono imefungwa ndani ya khanga. Ilipofika pale mlangoni, Bwana Sefu akapunguza sauti kama kawaida, mimi nikapaza yangu. "Ndugu wananchi, sikilizeni anavyosema! Anasema, nilikuwa mjinga kuishi peke yangu! Nahamia kwa wenzangu, kwenye shule, kwenye zahanati, kwenye maji ya bomba! Moyo wangu unacheza ngoma!" Nikapigiwa makofi.

Watu walipotoka, bibi alibaki.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Yule mzungu amesema anahama kwa furaha?"

"Ndiyo, Bibi."

"Amesema kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake."

"Mimi sikuona kinywa kufunguka."

Nikacheka. "Bibi, wazungu ndivyo wanavyoongea. Hawafungui sana."

Akafikiri. "Na huko alikokwenda, aliishi?"

"Aliishi vizuri sana."

"Wewe ni mtu wa kanisa?"

"Mwanglikana, Bibi. Wa Kihagara."

"Basi," akasema. "Mimi Mkatoliki, lakini kanisa ni kanisa. Mtu wa kanisa hawezi kunidanganya mimi mzee." Akajifunika khanga kichwani, akatoka kwenye mvua.

Nilimwacha aende. Bwana Sefu alikuwa anakunja nyaya, amesikia yote, hakusema kitu, na mimi nikamshukuru kimoyomoyo kwa kutosema. Kabla mwezi haujaisha Bibi Anastasia alihama, wakwe zake wakambebea milango na mabati, na mteremko wote ukamfuata. Afisa alinipa mkono mbele ya ofisi nzima, akanizawadia koti la mvua. Nilivaa koti lile hata jua likiwaka.

Masika yaliyofuata tukarudi, ghala lile lile, picha ile ile. Sasa nyumba zilikuwa zimejipanga safu mbili zilizonyooka. Shule ilikuwepo, hilo lazima niseme, na watoto walikuwa wanasoma. Bomba lilikuwepo pia, ila maji yake yalikuwa bado safarini. Bibi Anastasia alikuja mapema, tukiwa bado tunaziba madirisha. Alikuwa amekonda. Hakulalamika, alinieleza tu kama mtu anayetoa habari za safari. Kutoka pale mpaka shambani kwake ni kushuka bonde na kupanda, miguu haifiki kila siku. Nguruwe pori wamejua kwamba hakuna mtu. Ngoro zimepasuka, udongo umeteremka juu ya mibuni, na kaburi la mzee sasa hajui vizuri liko wapi.

"Pole, Bibi," nikasema. Neno dogo kuliko yote niliyowahi kusema kazini.

"Asante. Leo nina ombi. Pale mlangoni, usiseme. Nataka nimsikie mwenyewe."

"Bibi, lakini anasema Kiingereza."

"Si kitu."

Afisa naye alikuwepo siku hiyo, kwenye benchi la mbele, amekuja kuona faida ya koti lake. Msinifanye shujaa hapa, nawaona mnavyojiandaa. Nilitaka kusema. Maneno nilikuwa nayo, nilikuwa hata nimeongeza ya mbolea. Lakini bibi alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu, na ilipofika pale mlangoni hakutazama pazia. Alinitazama mimi. Nikashusha kipaza sauti. Bwana Sefu, kule nyuma kwenye mashine, badala ya kupunguza sauti, akaipandisha mpaka mwisho.

Ndipo nikasikia bawaba. Miaka yote ile sikujua kwamba mlango ule unalia. Upepo pia ulikuwepo. Nikageuka kuangalia pazia kama mtu mwingine yeyote, kwa mara ya kwanza.

Tumaini, sikiliza sasa, maana wewe ulikuwa kwenye simu. Mtu yule anavua kofia. Kwenye picha nzima anavua kofia mara mbili tu, siku anapomzika mkewe na hapo. Anaishika kwa mkono wa kulia, ule wa bastola, kwa hiyo kwa dakika ile hata mtoto angeweza kumpiga risasi, na hajali. Kiganja cha kushoto anakiweka kwenye mwimo wa mlango, hakiegemezi, anakiweka tu, kama unavyomshika mgonjwa kusikia kama ana homa. Uso haufanyi kitu. Huo ndio uliouita gogo. Mwigizaji mwingine angekunja uso, angetoa chozi moja lililopangwa. Huyu anajizuia, na kujizuia kwenyewe unakuona kwenye shingo. Halafu anafunga mlango, taratibu, anahakikisha umeshika. Nyumba inabomolewa leo leo, wabomoaji wamesimama na mashoka, naye anafunga mlango usipigwe na upepo!

Kisha anashuka. Nyumba ile ina ngazi tatu za mbao, na ya chini imeoza. Mwanzoni mwa picha mgeni mmoja anaikanyaga, anaanguka, watu wote hucheka. Mtu yule anashuka ya kwanza, ya pili, na ile ya tatu anairuka bila kuitazama. Hakuna aliyemwambia aiangalie. Miguu inaijua nyumba. Sidhani kama iliandikwa mahali. Naamini yule mwigizaji aliifanya mwenyewe. Kwa mruko huo mdogo nasema mimi, fundi mstaafu asiye na cheti, kwamba sijaona uigizaji ulioushinda. Maprofesa wenu waje tubishane.

Ndani ya ghala, mwanamke mmoja nyuma, sijui nani, akasema polepole kuliambia pazia, "Pole, baba." Kisha mwingine, "Pole." Wakaendelea hivyo, gunia kwa gunia, kama kwenye msiba. Afisa aligeuka huku na huku akitafuta wa kumkemea.

Bibi Anastasia akasema, si kwa mtu yeyote, "Ameiruka ile mbovu." Halafu akanigeukia.

"Kumbe hakusema kitu."

"Hakusema kitu, Bibi."

"Basi aliyenihamisha ni wewe."

Hakupaza sauti. Alisimama, akapita kando ya pazia, kivuli chake kikapita juu ya farasi, akatoka. Nilibaki na kipaza sauti kimening'inia, na picha ikaendelea bila mkalimani mpaka mwisho. Watu waliielewa yote.

Afisa aliniondoa kwenye kipaza sauti kabla gari halijapakiwa. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sana leo, alichokitaka alinieleza waziwazi, aliyekijaza maneno ni mimi. Bwana Sefu alinitupia kitambaa. "Futa lango," akasema. Nikafuta. Nikawa fundi mashine, na huko ndiko nilikostaafia, nimenyamaza nyuma ya taa, nikitazama.

Koti la mvua nililipeleka kwa bibi. Hakulipokea. Nikamwambia basi nipe kazi. Akanipa mundu, akaniongoza kushuka bonde na kupanda. Jumamosi nyingi nilifyeka na kulaza majani kwa miraba, kazi ya mwanaume ambaye hakuwa naye, na mimi mtu wa ziwani sijui mraba wala mstari. Alinisimamia kutwa nzima: hapana, mwanangu, hiyo imepinda, toa, anza tena. Hatukuwahi kuongea habari za picha. Ngoro chache zilishika. Kaburi tulilipata kwa kuhesabu mibuni. Alipofariki, miaka mingi baadaye, walimzika kule kule ng'ambo, na nilikuwa mmoja wa waliobeba.

Basi juzi Tumaini amerudi. Hakusema samahani, vijana wa siku hizi hawajui, ila aliifungua kompyuta mwenyewe na kuirudisha picha pale mlangoni. Safari hii simu aliigeuza kifudifudi mezani. Bawaba ikalia. Mtu yule akaweka kiganja kwenye mwimo.

"Babu," akaninong'oneza, "anawaza nini hapa?"

Nikafungua mdomo. Halafu nikaufunga, tukaangalia.